Giaboksi Haichomwi na Jua

Pikapu ya otomatiki ikianza kuteleza gia katikati ya mlima na harufu ya kuungua ikaingia ndani, lawama huenda kwanza kwa jua, halafu kwa mlima, halafu kwa fundi aliyebadilisha oili mwezi uliopita. Wakati huo sindano ya joto la injini imetulia palepale katikati, na dereva akiitazama ndipo anazidi kuchanganyikiwa. Sindano hiyo inapima maji ya rejeta. Habari za giaboksi haina. Maji yanaweza kuwa kwenye nyuzi 90 za Selsiasi, salama kabisa, huku oili ya giaboksi imeshapita 130 na bado inapanda.

Swali linaloulizwa sana madukani na gereji ni: nifunge kipoza gani? Ni swali halali, ila huulizwa mapema mno. Joto la giaboksi ya otomatiki halitoki nje, linazaliwa ndani ya giaboksi yenyewe, na wingi wake hutegemea kwanza namna gari linavyoendeshwa, mzigo linaobeba na matairi lililofungwa. Kipoza kinakuja baadaye, kuondoa kile ambacho hatukuweza kukizuia. Anayeanza na kipoza huenda akafanikiwa, lakini atakuwa amebahatisha.

Gari la gia za mkono lina klachi kavu kati ya injini na giaboksi. Ikishika, injini na shafti huzunguka pamoja, na joto linalobaki ni la msuguano wa meno na beringi tu, dogo. Otomatiki ya kawaida haina klachi hiyo; mahali pake pana konveta. Asili yake ni melini: Mjerumani Hermann Föttinger aliibuni mwaka 1905, kwa sababu mitambo ya mvuke ya wakati ule ilizunguka haraka mno kuliko propela ilivyohitaji, naye akatafuta njia ya kupitisha nguvu bila meno ya chuma. Ndani yake kuna magurudumu yenye mapanga, yamezama kwenye oili. La kwanza linazungushwa na injini na kuirusha oili. La pili linapokea msukumo huo na kuupeleka kwenye gia. Katikati yake kuna la tatu, linaloigeuza oili irudi upande unaosaidia. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye D bila injini kuzima, na ndiyo maana linaondoka kwa nguvu, kwani wakati wa kuondoka konveta huizidisha nguvu ya kuzungusha kufikia takriban maradufu.

Gharama ya starehe hiyo ni kwamba konveta ikiwa haijafungwa, gurudumu la pili huwa nyuma ya la kwanza. Nguvu inayopotea katika tofauti hiyo ya mwendo inageuka joto, na joto linaingia kwenye oili ileile inayofanya kazi.

Tupige hesabu. Hilux ya dizeli ya lita 2.8, kuanzia toleo la 2020, ina kilowati 150. Tuseme inapanda mlima na mzigo, inatumia kilowati 100, na konveta inapoteza asilimia 15 ya nguvu hizo. Hapo kuna kilowati 15 za joto, sawa na mabirika saba ya umeme yakichemsha kwa mpigo ndani ya chombo chenye lita kama 10 za oili. Ukiihesabu oili peke yake, bila chuma kilichoizunguka na bila kipoza chochote, joto lingepanda karibu nyuzi 1 kila sekunde. Chuma hunyonya kiasi, kipoza cha kiwandani huondoa kiasi, ndiyo maana magari yanafika yaendako. Lakini ni wazi kwamba hapa tunazungumzia dakika chache, hata sekunde. Oili inaweza kutoka hali njema hadi hali mbaya kati ya kona moja na nyingine.

Tena iko hali ambayo hasara si asilimia 15, ni 100. Gari limesimama, gia iko D, mguu uko kwenye mafuta. Kila kilowati inayotoka kwenye injini inaishia kwenye oili, kwa kuwa hakuna kinachosogea. Miongozo ya mafundi ya Toyota inayoeleza jinsi ya kupima konveta kwa kukanyaga mafuta huku breki imeshikwa husisitiza kipimo kisizidi sekunde 5. Sasa mfikirie dereva aliyezoea kulishikilia gari la gia za mkono kwenye mwinuko kwa nusu klachi. Akipewa otomatiki, tabia ileile anaihamishia kwenye mafuta: anakanyaga kidogo tu, gari lisirudi nyuma, lisiende mbele, huku anasubiri foleni isogee. Haoni kosa lolote, kwa sababu gari limetulia. Breki ingefanya kazi hiyo bila kutia joto la maana kwenye oili. Kujinasua kwenye tope kwa kurusha gia D na R, D na R, ni ubaya huohuo ulioongezewa mishtuko kwenye klachi za ndani.

Tiba ya kiwandani ya upotevu huu ni kuifunga konveta: klachi ndogo ndani yake huyashika magurudumu mawili yazunguke pamoja, na tofauti ya mwendo kati yao ikitoweka, joto linatoweka nalo. Packard walikuwa nayo tangu 1949, lakini ilienea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei, Chrysler wakitangulia na magari yao ya 1978. Kwa pikapu ya leo hili ndilo jambo la kulijua kuliko yote. Konveta iliyofungwa ni baridi, iliyofunguka ni tanuri. Na kompyuta ya gari huifunga pale tu mwendo unapotosha na mguu ukiwa haujakanyaga kupita kiasi.

Kwa hiyo mlima wenyewe sio adui mkubwa. Adui ni lori lililo mbele yako mlimani. Pale Kitonga, barabara ya TANZAM inapopanda kutoka joto la Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula na Iringa, pikapu yenye nafasi ya kwenda kilomita 50 kwa saa katika gia ya tatu inaweza kupanda konveta yake ikiwa imefungwa sehemu kubwa ya njia, na oili ikabaki pazuri. Pikapu hiyohiyo nyuma ya lori la mafuta liendalo Tunduma kwa mwendo wa mtu anayekimbia itapanda konveta ikiwa wazi mwanzo hadi mwisho, huku upepo wa mbele ukiwa hautoshi kupooza kitu. Wakenya wanaokwea kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru jioni wanaijua hali hiyo. Ushauri unaotokana nayo hauna gharama: acha pengo kubwa, usimwandame mtu, na ukilazimika kutambaa, teremsha gia kwa mkono hadi ya pili au ya kwanza. Gia ya chini huiacha injini izunguke haraka bila kujitutumua, na ile tofauti ya mwendo ndani ya konveta inapungua. Wengi huiacha D wakidhani kompyuta inajua zaidi yao. Kompyuta haimwoni dereva wa lori.

Wamarekani wana mlima wao wa kupimia. Kiwango cha SAE J2807, kinachoamua pikapu ina haki ya kutangaza inavuta tela la uzito gani, kinatumia barabara ya jimbo la Arizona inayopanda kutoka Davis Dam, karibu na mji wa Bullhead City: takriban kilomita 18 za kukwea, joto la nje likiwa karibu nyuzi 38, kiyoyozi kimefunguliwa hadi mwisho. Pikapu ya kawaida haitakiwi kushuka chini ya kilomita 64 kwa saa, wala kuwasha taa yoyote ya hatari. Toyota walikuwa wa kwanza kukifuata, na Tundra ya 2011. Ford, General Motors na Ram waliingia baadaye. Ni kipimo cha haki na nakiheshimu. Kina hata jaribio la kuondoka kwenye mwinuko wa asilimia 12, mara 5 ndani ya dakika 5, kwa mbele na kwa kinyumenyume. Lakini sehemu yake ndefu ni safari isiyo na mtu mbele. Namba ya uzito iliyoandikwa kwenye kipeperushi cha pikapu ilipatikana kwa mwendo ambao barabara zetu nyingi za milimani hazimpi mtu.

Mchanga ni kesi nyingine, na Waswahili wa Oman wanaijua kuliko sisi. Kwenye vilima vya mchanga vya Sharqiya gari linaenda polepole, injini inalia, matairi yanazama, na hewa ya nyuzi 45 ndiyo inayotegemewa kupooza. Mwenye gari la 4x4 ana silaha ambayo mara nyingi anaisahau: L4. Watu huidhania ni ya kujinasua tu. Kazi yake hapa ni kwamba gia nzito za L4 zinabeba kazi ambayo vinginevyo ingebebwa na konveta, na gari linaweza kutambaa konveta ikiwa inateleza kidogo sana. Kupunguza upepo wa matairi kunasaidia kwa sababu hiyohiyo: gari lisilozama halihitaji kusukumwa kwa nguvu. Katika mchanga mrefu, L4 iliyoingizwa mapema ina faida kuliko kipoza kikubwa.

Hapa ndipo yanapoingia matairi makubwa, ugonjwa wa vijana wenye dabo kebini. Tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi ni sawa na kulipandisha gari gia bila kuliuliza: injini inasukuma kitu kizito zaidi kwa kila mzunguko, konveta inachelewa kufungwa, na joto linapanda hata kwenye safari ambazo zamani zilikuwa rahisi. Ongeza bampa la chuma, winchi, na safu ya taa zinazoziba nusu ya grili, kisha tani mbili kwenye bodi lililotengenezwa kubeba tani moja. Mwenye gari hilo akiniuliza kipoza gani anunue, ningemwambia auze taa.

Oili yenyewe inavumilia kiasi gani? Kwa magari mengi, kati ya nyuzi 80 na 95 ni nyumbani kwake. Kanuni ya zamani ya mafundi wa Marekani husema oili inayofanya kazi kwenye nyuzi 80 hudumu takriban kilomita 160,000, na kila nyuzi 11 zinazoongezeka hukata uhai wake nusu. Ukifuata hesabu hiyo, oili inayoishi kwenye nyuzi 113 imekwisha baada ya kilomita 20,000. Kanuni hiyo ilitungwa kwa oili za madini. Oili za sintetiki za leo huvumilia zaidi, kwa hiyo namba zake zisichukuliwe kama sheria. Mwelekeo wake bado ni kweli. Oili iliyounguzwa huacha utando wa rangi ya kahawia kwenye valvu ndogo zinazobadilisha gia, na valvu zikinata gia zinachelewa au zinapiga. Joto likizidi, sili za mpira hukauka na kuvuja presha kwa ndani. Presha ikipungua, klachi zinateleza. Zikiteleza zinatengeneza joto jipya, lao wenyewe, juu ya lile la konveta. Kutoka hapo hakuna kurudi nyuma.

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 oili za giaboksi Marekani zilichanganywa na mafuta ya nyangumi, ambayo yalistahimili joto na kuzipa klachi ule ushikaji laini. Sheria ya kuwalinda nyangumi ilipoyazuia mafuta hayo, wakemia walihangaika kwa miaka kupata mbadala. Oili nyekundu tunayoimwaga chini gereji bila kuitazama imepitia mengi.

Sasa kuna jambo linalowakera wenye pikapu mpya, na linataka kuelezwa kwa utulivu. Viwanda vimeanza kuipasha oili moto kwa makusudi. Oili ya moto ni nyepesi, inapunguza ukinzani, na gari linatumia mafuta kidogo zaidi. Kiwanda kinachobanwa na sheria za matumizi ya mafuta kinahesabu hata sehemu ndogo ya asilimia. Oili zenyewe zimekuwa nyembamba: ile ya zamani ya Dexron III ilikuwa na mnato wa takriban senti-stoksi 7 kwenye nyuzi 100, ya Toyota WS iko karibu na 5.5. Pikapu za General Motors kuanzia 2014 zilifungwa themostati inayozuia oili isiende kwenye kipoza mpaka ipate moto sana, na wenye Silverado wakajikuta oili iko zaidi ya nyuzi 90 kwenye barabara tambarare, bila mzigo. Wengi waliing'oa na kuweka inayofunguka mapema. Toyota nao, kwenye Tundra ya 2019, waliondoa kipoza cha nje pamoja na geji ya joto la giaboksi, uwezo wa kuvuta ukabaki uleule kwenye karatasi.

Je, wamekosea? Kwa mteja wa Ohio anayevuta boti mara mbili kwa mwaka, sidhani. Oili inahitaji kupata moto ili unyevu utoke, na katika nchi yenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, oili baridi ni tatizo halisi. Ndugu zetu walioko Minnesota au Alberta wakifunga kipoza kikubwa kisicho na themostati watakuwa na gia nzito asubuhi yote. Lakini gari lililotengenezwa kwa hesabu hiyo likija kubeba saruji Sumbawanga, ule upana wa usalama uliokuwepo zamani umeshaliwa na kiwanda. Kuondoa geji nako sina namna ya kukutetea. Kumwondolea mtu geji hakumpoozi chochote. Kunampunguzia tu malalamiko yule aliyemuuzia gari.

Kipoza cha kawaida cha kiwandani kimo ndani ya rejeta: mrija wa oili unaopita kwenye maji. Watu hukidharau kwa kuwa maji yenyewe yana nyuzi 90. Wanasahau kwamba oili ya nyuzi 130 inayopita kwenye maji ya nyuzi 90 inapoa haraka, kwani maji huchukua joto vizuri kuliko hewa, tena hata gari likiwa limesimama ilimradi feni inafanya kazi. Asubuhi yenye baridi maji hayohayo huipasha oili. Ni kifaa chenye akili.

Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa. Mrija ule ukitoboka au ukipasuka mahali pa kuungia, maji ya rejeta na oili ya giaboksi vinakutana. Kesi iliyojulikana duniani ni ya Nissan Frontier, Xterra na Pathfinder za 2005 hadi 2010: rejeta zilipasuka kwa ndani, kulanti ikaingia kwenye giaboksi, na mashtaka ya wateja Marekani yakaifanya Nissan iongeze dhamana ya rejeta hizo hadi miaka 10. Dalili ni oili yenye rangi ya waridi iliyopauka, nzito, yenye povu. Ukiiona, usiwashe gari. Kulanti inaachanisha gundi inayoshika nyuso za klachi, na kumwaga oili mara mbili tatu hakumrudishii mtu klachi zilizokwisha kubanduka. Huku kwetu tumejiongezea hatari yetu: kujaza rejeta maji ya bomba au ya kisima mwaka mzima kwa sababu kulanti ni ghali. Maji hayo, hasa yenye chumvi kama ya visima vingi vya pwani, yanakula chuma cha rejeta kutoka ndani, na mrija wa oili uko mlemle. Kwenye otomatiki, mwenye kubana matumizi ya kulanti anakopa kwenye giaboksi.

Ndiyo maana wapo mafundi wanaoikata rejeta kabisa na kuipeleka oili moja kwa moja kwenye kipoza cha hewa. Kwa gari la kundi lile la Nissan lenye rejeta ya zamani nawaelewa. Kwa mengine naona ni kupita kiasi. Afadhali kubadilisha rejeta ikizeeka, kuweka kulanti ya kweli, na kuiacha oili ipite kwenye maji kwanza, halafu kwenye kipoza cha hewa, kisha irudi kwenye giaboksi. Mpangilio huo una maana: maji yanaondoa sehemu kubwa ya joto kali, hewa inamalizia, na kitu cha mwisho ambacho oili inakutana nacho kabla ya kurudi ni ubaridi. Ukigeuza mpangilio, maji ya nyuzi 90 yataipasha tena oili uliyokwisha kuipooza.

Kipoza cha hewa cha sahani zilizopangana kinafanya kazi vizuri kuliko cha mrija mmoja uliokunjwakunjwa, na hakina gharama ya kutisha. Kinachoua si aina yake, ni ufungaji. Vile vibanio vya plastiki vinavyopitishwa katikati ya mapezi ya kondensa ya kiyoyozi vinafaa barabara za lami za Ulaya; kwenye makunyanzi ya barabara ya vumbi vitasugua hadi vitoboe kondensa au kipoza chenyewe. Tengeneza mikono ya bati nene ishike kwenye fremu. Mipira iwe ya oili ya giaboksi, si ya petroli wala ya maji, ishikwe kwa klempu nzuri na iwekwe mbali na feni na bomba la moshi. Mdomo wa kuingilia na wa kutokea uelekee juu au pembeni ili hewa isinaswe. Mpira ukichomoka njiani, pampu inaimwaga oili yote chini kwa muda mfupi, na dereva anagundua gari likishakataa kwenda. Kwa maneno mengine, kipoza kilichofungwa vibaya kinaleta hatari kubwa kuliko ile kilichokuja kuizuia.

Kabla ya hayo yote, osha ulichonacho. Kati ya kondensa na rejeta hujaa vumbi, mbegu za majani na wadudu, na mwenye gari haoni kwa sababu upande wa mbele ni msafi. Maji ya presha ndogo, kutoka nyuma kwenda mbele. Ijaribu pia feni: zile zenye klachi ya majimaji huchoka taratibu na kuzunguka kivivu bila kuonyesha dalili yoyote isipokuwa joto.

Oili na kipimo chake ni mada inayostahili ukali. Neno la kiwanda kwamba oili ni ya maisha yote ya giaboksi halikubaliwi hata na wanaotengeneza giaboksi. ZF, ambao giaboksi yao ya gia 8 imo kwenye Volkswagen Amarok za kizazi cha kwanza na Ram 1500, wanapendekeza kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8, na mapema zaidi kwa anayevuta mizigo. Kwa pikapu ya kazi ningeenda nusu ya hapo. Ila namna ya kujaza ndiyo inayoharibu wengi. Toyota nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Oili hupimwa kwa kufungua nati ya chini injini ikiwa inaunguruma, na joto la oili linatakiwa liwe kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi akifungua oili ikiwa na nyuzi 80, imeshatanuka, itamwagika nyingi, na giaboksi itabaki na upungufu. Akifungua ikiwa baridi, itabaki imezidi. Yote mawili huleta povu: ikipungua, pampu inavuta hewa; ikizidi, gia zinaipiga. Oili yenye povu haipozi wala haishiki presha. Kwa hiyo hata kazi ya kubadilisha oili haiwezi kufanywa sawasawa bila kujua joto lake.

Hilo linaturudisha kwenye kipimajoto, ambacho kwa maoni yangu ndicho cha kununuliwa kwanza. Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD na programu kwenye simu vinatosha kwa magari mengi. Jambo la kuangalia ni sensa inasoma wapi. Oili inayotoka kwenye konveta inaweza kuruka hadi nyuzi 130 kwa muda mfupi wakati ile ya kwenye sampu, yaani beseni la chini la giaboksi, iko 95. Namba ya kwanza ikishuka upesi mwinuko ukiisha, si ya kutisha. Ya sampu ikifika 110 na haishuki, punguza mwendo au mzigo. Ikifika 120, egesha. Taa ya onyo ya dashibodi isingojewe: kwenye baadhi ya Toyota huwaka joto likiwa karibu 150, wakati oili imeshaharibika. Na ukiegesha, usizime injini. Weka N, vuta breki ya mkono, iache ingurume kwenye mizunguko kama 1,200 ili pampu izungushe oili kwenye kipoza. N ni bora kuliko P, hasa kwa Dodge na Jeep za zamani zenye giaboksi ya Chrysler, ambazo zikiwa P hazipeleki oili kwenye konveta wala kwenye kipoza.

Mwaka 2023 Toyota walitangaza Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye injini ya lita 2.8 na otomatiki ya gia 6, pikapu ya 79 ikiwemo. Ni gari ambalo migodi, hifadhi za wanyama na mashirika ya misaada ya ukanda huu wamelitumia kwa miongo kadhaa kwa gia za mkono, na madereva wake wamelelewa na klachi. Meneja wa magari atakayepokea za otomatiki angefanya vema kumweka kila dereva kwenye mwinuko, simu ikiwa imeunganishwa na OBD, alishikilie gari kwa mafuta kwa sekunde chache na kuangalia namba ya konveta inavyopaa, kisha ashike breki aone inavyoshuka.